Saumu ya Sokoni

Kila mwaka mpya unapoingia, Wakenya huutania mwezi wa kwanza kwa kuuita Njaanuari, na Watanzania huucheka utani huo kwa uchungu kwa kuwa nao yamewakuta. Sikukuu zimeshakula mshahara wa Desemba, ada za shule zinagonga mlango, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Kwa wiki kadhaa watu hawanunui viatu, hawabadilishi simu, hawaulizi bei ya pazia. Lakini hakuna shehe wala padri anayeihesabu Januari kuwa mwezi wa ucha Mungu. Asiyenunua kwa sababu hana, na asiyenunua ilhali anacho, hupita mbele ya duka lilelile bila kuingia, wala mtu baki hawezi kuwatofautisha. Siku hizi wapo wenye kipato, mijini hasa, wanaojiwekea mwezi mmoja au zaidi wa kutonunua chochote isipokuwa chakula, nauli, dawa na mengine ya lazima. Wengi wao hutaja akiba kuwa ndiyo sababu. Mimi nauliza jambo jingine: je, zoezi hilo lina uzito wowote wa kiroho au wa kimaadili, au ni kubana matumizi tu kulikovishwa joho? Nadhani lina uzito, ila pale tu linapofuata mantiki ya saumu: kinachoachwa ni halali, kinaachwa kwa muda wenye mwanzo na mwisho, na kinaachwa pamoja na wengine. Sharti la tatu ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo linalobeba mzigo mkubwa.

Nianze na uhalali, maana hapo ndipo wahubiri wengi wa kiasi hupotea njia. Wakitaka watu wapunguze manunuzi huvishambulia vitu vyenyewe: wigi, runinga, kucha za bandia, gari la pili. Saumu haifanyi hivyo. Hakuna anayefunga kwa kuwa wali ni mchafu. Wali ni mzuri mchana kama ulivyo mzuri jioni, na uzuri wake ndio unaoipa saumu maana. Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31 na ya 32, inawataka waumini wajipambe waendapo kwenye ibada, wale na wanywe bila kupita kiasi, halafu inahoji mamlaka ya yeyote anayejipa kazi ya kuharamisha mapambo. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, wanaowakataza watu vyakula alivyoviumba Mungu wamewekwa upande wa wapotoshaji. Kwa hiyo ipo hoja nzito ya kidini dhidi ya zoezi hili, na Mwislamu aliyesoma ataiona mara moja: Sura ya At-Tahrim inaanza kwa Mtume mwenyewe kulaumiwa kwa kujizuilia kitu alichohalalishiwa. Ikiwa Mtume aliambiwa hivyo, mkazi wa Tandika au Likoni anapata wapi ruhusa ya kujiharamishia kanzu mpya? Jibu ni kwamba hajiharamishii. Kuahirisha si kuharamisha. Asiape, asiweke nadhiri, asidai kwamba amebuni ibada. Aseme tu kwamba kanzu itasubiri hadi mwezi uishe. Haki ya kusema hivyo anayo kila mnunuzi, na hakuna mwanachuoni aliyewahi kumlazimisha mtu anunue leo anachoweza kukinunua kesho kutwa.

Wala jambo lenyewe si geni katika dini. Sijui mwezi wa kutonunua katika Uislamu wala katika Ukristo, lakini saa na siku zipo. Sura ya Al-Jumua, aya ya 9 na ya 10, inaamuru biashara iachwe wito wa sala ya Ijumaa unaposikika, na sala ikiisha watu watawanyike wakatafute riziki. Tazama amri hiyo ilivyopangwa. Biashara haikutukanwa, muda umetajwa unapoanza na unapokoma, na wanaosemeshwa ni watu wengi kwa pamoja. Ndiyo maana muuza vitambaa wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja anayefunga duka mchana wa Ijumaa hana wasiwasi kwamba jirani atamchukulia wateja: jirani naye yuko msikitini. Wasabato, ambao ni wengi Kisii, Mara na Upare, hawanunui wala hawauzi tangu jua la Ijumaa linapotua hadi litue la Jumamosi, kila wiki ya mwaka, na hawajahitaji kampeni wala kauli mbiu. Mwiko wao una historia ndefu. Kitabu cha Nehemia, sura ya 10, kinaeleza jinsi watu wa Yerusalemu walivyofunga agano kwamba wageni wakileta bidhaa siku ya Sabato wao hawatanunua. Sura ya 13 inaonyesha agano hilo lilivyowashinda. Watu wa Tiro walileta samaki na bidhaa za kila namna, na watu wa agano wakatoa fedha. Nehemia, liwali wa mfalme wa Uajemi, aliwakemea wakuu wa mji, lakini hakuishia kwenye kukemea. Aliamuru malango yafungwe kabla Sabato haijaingia na akaweka watu wake kuyalinda. Wachuuzi wakalala nje ya ukuta mara moja au mbili, wakaonywa kwamba wakirudia watakamatwa, wakaacha kuja.

Nehemia alielewa kitu ambacho vitabu vya kubana matumizi huwa havikigusi: nia njema ya mtu mmoja mmoja haitoshi mbele ya soko lililokwisha kuingia ndani ya ukuta. La kwetu limeingia ndani kuliko la Tiro. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya Machi 2007, pochi na duka vimehamia kwenye kifaa kimoja, tena kifaa chenyewe hulala chini ya mto. M-Shwari ilipokuja Novemba 2012, mkopo mdogo ukawa jambo la kubonyeza. Fuliza ilipokuja Januari 2019, malipo yakawa yanapita hata salio likiwa limekauka. Sizitaji huduma hizi ili nizilaani, maana zimewafaa watu wengi usiku wa ugonjwa na siku ya msiba. Ninachosema ni kwamba zimeifuta ile nafasi iliyokuwapo kati ya kutamani na kulipa: kwenda dukani kwa miguu, kuhesabu noti, kupatana bei uso kwa uso, kujifanya unaondoka ili uitwe tena. Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa lango. Mwezi wa kutonunua ni njia ya kulijenga upya kwa makusudi, na lango halijengwi kwa kuazimia moyoni peke yake.

Hapo linakuja swali ambalo huwagawa hata wanaokubaliana na yote yaliyotangulia: kisicho cha lazima ni kipi? Mwanachuoni Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, aliyapanga maslahi yanayolindwa na sharia katika ngazi tatu: ya dharura, ambayo yakikosekana maisha yenyewe huvunjika, ya haja, ambayo yakikosekana watu hubaki katika dhiki, na ya kupendezesha, kama vile usafi, adabu na mavazi mazuri. Wapenda orodha huishika ngazi ya tatu wakaichorea msalaba. Shatibi mwenyewe hakuitupa nje. Aliiacha ndani ya makusudio ya sharia kwa kuwa aliiona inazikamilisha mbili za kwanza. Karibu karne tatu kabla yake Ghazali, alipokuwa akieleza zuhudi, aliyahesabu mambo ambayo mwanadamu hawezi kuyakwepa: chakula, mavazi, makazi, vyombo vya nyumbani, ndoa, na mali pamoja na jaha zinazomwezesha kuyapata hayo. Katika kila moja alitoa daraja, wala hakutoa mpaka mmoja. Si kwamba wanazuoni hawa waliogopa kusema wazi. Waliona kwamba mpaka wenyewe husogea kulingana na mtu, mahali na zama.

Adam Smith aliliona jambo hilohilo kutoka upande mwingine kabisa. Katika kitabu chake cha 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, anasema Wagiriki na Warumi waliishi vizuri bila shati la kitani, lakini katika Ulaya ya zama zake hata kibarua wa kutwa angeona haya kuonekana hadharani bila shati hilo. Viatu vya ngozi vilikuwa vya lazima kwa mwanamume na mwanamke wa Uingereza. Uskoti vilikuwa vya lazima kwa wanaume tu. Ufaransa mtu angeweza kwenda pekupeku na heshima yake isiguswe. Mwili ni uleule na baridi ni ileile, ila macho ya majirani ni tofauti. Historia ya pwani yetu inalisema hilo kwa ukali zaidi. Kabla utumwa haujapigwa marufuku Unguja mwaka 1897, watumwa walivaa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa kutoka viwanda vya Massachusetts, au kaniki, kitambaa cha namna hiyohiyo kilichotiwa rangi nzito. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu burudani na siasa za Unguja, ameonyesha jinsi wanawake waliopata uhuru walivyoyaacha mavazi hayo wakaikimbilia kanga, na jinsi kanga ilivyokuwa njia yao ya kutangaza kwamba si watumwa tena. Sasa mweke mtaalamu wa bajeti mbele ya mwanamke huyo. Atasema nguo anayo, merikani yake haijachanika, kanga ni anasa. Hesabu yake haina kosa, na hukumu yake ni kwamba mtu huru aendelee kuvaa sare ya kitumwa. Yeyote anayetaka kuamua kwa niaba ya wengine kipi cha lazima na kipi si cha lazima ashindane kwanza na mwanamke huyo, na mimi nadhani atashindwa.

Ikiwa mpaka huchorwa na macho ya watu, basi hakuna anayeweza kuusogeza akiwa peke yake. Mtazame mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyeamua kwamba miezi mitatu hatanunua nguo. Wiki ya pili inafika kadi ya mchango wa harusi ya binamu, na nyuma yake ujumbe wa kamati: rangi ya sare imechaguliwa, kitambaa kinapatikana kwa fulani, fundi ameshapangwa, na kabla ya harusi kuna sendofu na kicheni pati, kila moja na sare yake. Kitambaa hicho si cha lazima kwa kipimo chochote cha mwili. Lakini akikikataa hajakataa kitambaa. Amejitoa kwenye safu ya picha, na mashangazi watakumbuka. Ushauri unaomtaka awe jasiri na asijali watu watasema nini unamtaka alipe kwa udugu ili aokoe fedha, na kwa jamii ambazo udugu ndio bima ya ugonjwa na ya mazishi, hiyo ni biashara ya hasara. Kamati nzima ikikubaliana kwamba sare safari hii ni kanga ambayo kila mtu anayo kabatini, hakuna anayepoteza chochote. Nguvu iliyomshinda mtu mmoja inageuka na kuwasaidia wote. Ndivyo Ramadhani inavyofanya kazi. Saumu ya Jumatatu na Alhamisi ni sunna inayojulikana na kila Mwislamu, saa zake ni zilezile na njaa yake ni ileile, na wanaoidumisha ni wachache. Ya Ramadhani hufungwa hata na watu ambao miezi mingine hawaonekani msikitini. Ugumu wa tumbo haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba katika Ramadhani hakuna anayekukaribisha chai mchana, wala huhitaji kumweleza mtu kwa nini hunywi.

Mkristo anaweza kusimama hapa na Injili ya Mathayo mkononi, sura ya 6, ambamo wafungaji wanaagizwa wafunge kwa siri, wapake mafuta na kunawa uso, ili wasionekane na watu. Je, mfungo wa pamoja haukaribishi ria na unafiki? Nimelitafakari pingamizi hili na naona linagonga mahali pengine. Anayefunga peke yake ndiye anayelazimika kujitangaza. Kila mwaliko unamtaka maelezo, kila zawadi asiyoinunua inahitaji udhuru, na mwishowe kutonunua kwake kunakuwa habari, pengine hata picha mtandaoni. Wote wanapofunga, hakuna wa kutazamwa. Umati ni maficho mazuri kuliko chumba. Na maficho hayo tayari tunayo: jumuiya ndogo ndogo ambazo Kanisa Katoliki la Afrika Mashariki limezijenga tangu miaka ya 1970, vikoba vinavyokutana kila wiki, vyama vya akina mama, madrasa za mtaani. Kundi la watu ishirini wanaojuana linatosha kukubaliana tarehe.

Tarehe nayo si jambo dogo, na Tanzania inayo kumbukumbu inayoonyesha kwa nini. Mpaka wake na Kenya ulifungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Katikati yake kulikuwa na vita na Idi Amin, mafuta yaliyopanda bei, fedha za kigeni zilizokauka na viwanda vilivyokosa malighafi. Sabuni, sukari, dawa ya meno na nguo vikawa vitu vya foleni na vya kujuana. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza msako wa wahujumu uchumi. Kama kukosa vitu peke yake kungezaa kuridhika, kizazi kile kingekuwa cha masufi watupu. Badala yake vitu vilivyoadimika vilikua machoni pa watu: mche wa sabuni ukawa zawadi ya kupeleka ugenini, dawa ya meno ya magendo ikawa heshima. Serikali ilipoanza mwaka 1984 kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa, na Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, watu walimpachika jina la Mzee Ruksa, na halikuwa tusi. Wapo wanaoikumbuka miaka ile kwa mapenzi, nami siwabishii. Lakini wakiulizwa vizuri, wanachokililia ni usawa wake, hawazililii foleni. Dhiki ile haikuwa na tarehe ya mwisho. Mwanafalsafa Seneca, tajiri mkubwa na mwalimu wa Nero, alimshauri rafiki yake katika barua ya 18 atenge siku chache za chakula duni na nguo za kukwaruza, tena Desemba, Roma nzima ikiwa katika sherehe, ili ajizoeze na umaskini kabla haujamjia. Unaweza kumcheka tajiri anayecheza umaskini. Hata hivyo alichokigundua ni kweli: anayejua dhiki yake inakwisha lini anaweza kuitazama tamaa yake kwa utulivu na kuihoji, ambapo asiyejua hana nafasi ya kuhoji chochote, ana hofu tu.

Pingamizi la wanyonge husemwa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Kumwambia asiye na kitu aache kununua ni kejeli. Bara linalovaa nguo zilizochokwa na wengine, marobota yanayofunguliwa katika masoko ya Gikomba, Owino na Karume, leo lifundishwe kiasi? Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni taratibu. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya ushuru, wengi wakarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo zake Julai 2018. Ziada ya makabati ya matajiri hulindwa hata kwa sera ya biashara. Kwa hiyo nakubali: zoezi hili ni la mwenye kitu cha kuahirisha, na mwenye mshahara asilipeleke kuwa mahubiri kwa asiyenao. Ila tusivuke hapo tukaingia kwenye huruma inayodharau. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walioshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019, wameonyesha kwamba hata kaya zinazoishi chini ya dola moja kwa kichwa kwa siku hazimalizi fedha yote kwenye chakula. Hubakiza ya sherehe, ya redio, ya vitu vya kupendeza. Maskini naye huchagua. Akitaka kulizungumza jambo hili katika kikoba chake atalizungumza mwenyewe, kwa masharti yake.

Pingamizi la wafanyabiashara, kwamba tusiponunua wao watafilisika, ni gumu zaidi. Bernard Mandeville alilichekea tangu 1705 katika utenzi wake juu ya mzinga wa nyuki ambao ulipoanza kuishi kwa wema na kiasi ukafilisika. John Maynard Keynes akalirudia 1936 kwa hoja za kiuchumi. Na sisi tumeliona kwa macho. Mwishoni mwa Machi 2020 serikali ya Uganda iliamuru masokoni wabaki wauza chakula pekee, wa nguo, viatu na bidhaa nyingine wafunge. Hakukuwahi kuwa na mwezi wa kutonunua uliokamilika kama ule, na aliyelala njaa ni mwenye kibanda. Sitaki kujificha nyuma ya hoja kwamba wanaofunga ni wachache. Ikiwa jambo ni jema, lazima lihimili kufanywa na wengi. Linahimili kwa sharti moja, kwamba fedha isilale. Mshahara usionunua kiatu kipya ulipe deni la kwa Mangi mwenye duka la mtaani, ambalo limekaa daftarini tangu mwaka jana. Mwenye duka hufaidika na mteja anayelipa la zamani kuliko anayekopa jipya. Tena mshahara huo umlipe mshona viatu aliyeweka soli mpya, na fundi cherehani aliyepunguza gauni. Fedha hiyo hubaki mtaani, wakati sehemu kubwa ya bei ya simu au ya viatu vya plastiki husafiri kurudi Guangzhou vilikotoka. Machinga wa bidhaa za nje ataumia kidogo, sikatai. Ila wala hatuna wajibu wa kununua tusichokihitaji ili tumfadhili. Tukitaka kumsaidia, ipo sadaka, na upo mkopo usio na riba.

Suala la fedha ndilo linaloamua kama huu ni mfungo au ni ubahili wenye jina zuri. Mhubiri John Wesley, aliyesema katika mahubiri yaliyochapishwa 1760 kwamba Mkristo apate kadiri awezavyo, aweke kadiri awezavyo na atoe kadiri awezavyo, aliishi kuona wafuasi wake wakiyashika mawili ya kwanza na kulisahau la tatu. Wakawa matajiri, na bidii yao ya dini ikapoa. Mwanasosholojia Max Weber aliijenga sehemu ya nadharia yake ya dini na ubepari juu ya jambo hilo. Kiasi kisicho na mlango wa kutokea hugeuka mtaji, na mtaji hutaka zaidi. Wakristo wa karne ya pili walikuwa wamelitafutia dawa. Katika maandiko yanayoitwa Mchungaji wa Herma, mfungaji anaelekezwa apige hesabu ya chakula ambacho angekila siku hiyo, kisha gharama yake ampe mjane, yatima au mhitaji. Sura ya 58 ya Isaya ilishaweka msingi: watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuangalia, wanajibiwa kwamba siku yenyewe ya mfungo walikuwa wakifuata anasa zao na kuwakandamiza vibarua. Uislamu umeifunga Ramadhani kwa zakatul-fitri, pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, na umetaka itolewe kabla ya sala ya Idi, si baada yake. Mwenye kumcheleweshea dada wa kazi mshahara huku akijisifu kwamba mwezi huu hajanunua kitu, hajafunga chochote.

Linabaki pingamizi la wenye uzoefu: watu watalipiza. Pwani na bara watu huvunja jungu siku za mwisho za Shaabani kana kwamba chakula kinakwenda kuhamishwa nchi, ndani ya Ramadhani bei ya sukari na tende hupanda kwa kuwa nyumba zinanunua zaidi, na wiki ya Idi Kariakoo haipitiki. Ikiwa mfungo wenye miaka zaidi ya 1,400 haujaizima pupa hiyo, mwezi wetu wa kujitungia utaweza nini? Hautaweza kuizima. Lakini ahirisho lina tabia moja ambayo njaa haina: njaa ya mchana huja yote jioni, ilhali hamu ya vitu hairudi yote. Kilichoandikwa kwenye karatasi badala ya kununuliwa hukaa, na baadhi ya mistari, ikisomwa baada ya wiki sita, hata aliyeiandika hakumbuki aliitakia nini. Kwa sababu hiyo siku ya mwisho inahitaji kupangwa kuliko ya kwanza. Kundi likutane kabla mtu hajaenda dukani. Kwanza yatolewe ya wahitaji na yalipwe ya wadai, kwa mpangilio uleule wa fitri kutangulia sala. Kisha orodha zisomwe, kila mtu na yake, bila kuchekana. Kitakachokuwa bado kinahitajika, hata kama ni pambo tupu, kinunuliwe, tena kilicho kizuri, kwa bei ya haki, na muuzaji asikamuliwe mpaka akose faida.